Mama ana baridi yabisi: je, anaweza kupata tiba ya kinga kwa saratani?

Dada yangu wa Tukuyu, umeuliza kama mama, mwenye baridi yabisi, anaweza kupewa pembrolizumabu, dawa ya tiba ya kinga, kwa saratani ya mapafu. Huenda akafaa, ila kwa uangalizi wa karibu sana. Baadhi ya saratani hukanyaga breki ya askari wa mwili (seli za kinga) iitwayo PD-1, na dawa hiyo huiachilia breki ili askari waishambulie saratani. Baridi yabisi ni askari haohao kuvamia viungo, hivyo hutibiwa kwa kuwatuliza, ilhali pembrolizumabu huwaachilia, na ndiyo maana vidole vyake vinaweza kuvimba upya, asubuhi ashindwe hata kumenya ndizi. Mwelezeni daktari kila kidonge anachomeza, hasa prednisoloni, dawa ya kuwatuliza askari hao, wala asiiache ghafla. Akiharisha au akibanwa pumzi, msingoje kliniki ijayo: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata ikibidi kufika Mbeya mjini usiku.