Muulize Bi. Rukia: Nani mwongo katika maiti wa Iraq?

SWALI: Shikamoo Bi. Rukia. Barzani kwetu umezuka ubishi juu ya waliokufa vitani Iraq tangu Machi 2003 hadi katikati ya 2006. Mmoja anashikilia 47,000 na ushei, mwingine 151,000, mimi nimesoma 655,000. Nani mwongo?
Msomaji, Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Huenda mwongo hayupo. Mnagombea idadi kabla ya kuulizana kilichohesabiwa.

Ile 47,000 ni ya Iraq Body Count, wanaokusanya vifo vya raia vilivyoripotiwa, hasa na vyombo vya habari. Kifo kisichomfikia mwandishi hakimo. Mimi nilikuwa karani wa sensa Micheweni. Kule mtu akifariki alfajiri, adhuhuri keshazikwa. Cheti hutafutwa siku warithi wanapotaka kugawana mikarafuu. Na hapo pana amani! Sembuse Baghdad, ambako hata kwenda mochwari kumtambua ndugu yako kulikuwa hatari.

Ya 151,000 imetoka kwa serikali ya Iraq na Shirika la Afya Duniani, waliohoji kaya 9,345. Hao ni waliouawa tu, raia na wapiganaji pamoja. Baadhi ya maeneo ya Baghdad na mkoa wa Anbar hawakuthubutu kuingia, wakakadiria.

Yako, iliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 2006, ni ya vifo vyote vilivyozidi kiwango cha kabla ya vita, na aliyekufa kwa maradhi yumo. Waliouawa humo ni kama 601,000. Kwa hiyo ugomvi wa kweli ni kati ya 151,000 na 601,000, na huo wataalamu wenyewe hawajaumaliza.

Mimi naegemea chini, ila si mpaka chini kabisa. Lancet walihoji kaya 1,849 katika maeneo 47 tu, na vifo vya vita havisambai sawasawa: mtaa mmoja unateketea, wa pili watu wanauza mboga. Ndiyo maana wao wenyewe, kwa ile 655,000, waliweka mwanya wa kutoka 393,000 hadi 943,000. Lakini na hao wa serikali nawatilia shaka. Mtu akiona karatasi ya serikali mlangoni huficha hata idadi ya watoto, seuze mwanawe aliyeuawa na wenye silaha. Na kaya iliyokufa yote haina wa kukufungulia mlango.

Msiwacheke Wairaqi. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Kiingereza zilipiga kasri hapa Unguja kwa muda usiofika saa moja, tukaandikiwa kama watu 500 waliouawa au kujeruhiwa, askari na watumishi humo humo. Wasimuliaji wengi wameshadondosha hao majeruhi, 500 wote wamekuwa maiti.

Basi ukirudi barzani, ukitaka kushindana na mwenye 151,000, futa 655,000 uweke 601,000. Mwenye 47,000 naye aanze na “si chini ya”, na atamke kuwa ni raia tu.