Paka dume anayekojoa ovyo: mtazameni mkojo wake kabla ya kumtupa Deep Sea

Mdogo wangu wa Makorora, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umesema paka wako dume wa mwaka na nusu, aliyekuwa na adabu zake, ghafla ameanza kukojoa kwenye godoro na juu ya msala wa bibi wa kuswalia. Usiku analia, na nyumbani wameshakata shauri atiwe kwenye kiroba apelekwe Deep Sea, kule soko la samaki, akale utumbo wa samaki na wenzake. Umeuliza pia kama umpe kipande cha panadol maana unaona ana maumivu.

Hilo la mwisho halingoji, kwa hiyo naanza nalo: usimpe. Panadol ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo, uso na miguu inavimba, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za binadamu nazo ziache kabatini.

Sasa huyo dume. Paka hakojoi kwenye msala kwa sababu amekasirika au ametumwa na mtu. Akibadilika tabia ghafla, cha kwanza kushuku ni ugonjwa, na kwa dume shuku kibofu kabla ya kitu kingine chochote. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno. Vijichembe vinavyofanana na chumvi vikichanganyika na ute huiziba kabisa. Mkojo ukikosa pa kutokea, uchafu ambao figo zilipaswa kuutoa unabaki kwenye damu, potasiamu inapanda, na moyo unasimama. Hapo unazungumzia siku mbili au tatu tu tangu njia izibe.

Nimeliona hili kwa dume wangu hapa Chumbageni. Aliingia bafuni, akachuchumaa kwenye saruji pale maji yanapopitia, mgongo ameukunja, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Akainuka, akapiga hatua mbili, akachuchumaa tena. Nilipoinama kutazama pale alipotoka, niliona matone mawili tu, yana wekundu. Akaanza kujiramba sehemu za siri bila kupumzika. Jirani yangu, mtu mwema sana, akaniambia huyo amefunga choo, mpe mafuta ya nazi. Wengi hudhani hivyo, na paka wengi hufa wakiwa wamenyweshwa mafuta. Nilimpapasa tumbo kwa chini, taratibu, nikakuta kitu kigumu cha duara kama chungwa. Kibofu hicho, kimejaa hadi mwisho. Tukampeleka kwa daktari wa mifugo siku ileile, akalazwa usingizi, akapitishwa mpira mwembamba wa mkojo na kuwekewa dripu. Alipona.

Kwa hiyo mfuatilie. Akichuchumaa mara kwa mara na hakitoki kitu, au yanatoka matone, au analia akijikakamua, au ameanza kutapika na kulegea, usingoje kesho. Usimbonyeze tumbo kujaribu kuutoa mkojo, kibofu kinaweza kupasuka.

Ikiwa mkojo unatoka vizuri, tazama anavyokojoa. Anayechuchumaa na kuacha dimbwi sakafuni au kwenye godoro ana shida ya kibofu, au mahali pake pa haja hapampendezi, au kuna jambo limemvuruga: mgeni, mtoto mchanga, paka mwingine, kuhama nyumba. Paka akiwa na hofu kibofu chake huweza kuvimba hata bila vijidudu. Lakini anayesimama wima, mkia juu unatetemeka, akarusha mkojo kidogo ukutani au kwenye pazia, huyo anaweka alama ya mipaka yake. Ukijumlisha na kile kilio cha usiku na umri wake, huenda anatafuta jike.

Dawa ya hilo ni kuhasiwa, na afadhali mapema, kuanzia miezi 4 hadi 6. Madume wengi huacha kurusha mkojo, huacha kuzurura, na hupigana kidogo. Kupigana si jambo dogo: kuna virusi vinavyovunja kinga ya paka, vya jamii moja na vya ukimwi, na huenea zaidi kwa kung'atana. Havimwambukizi binadamu, hilo wasikutishe. Na mwenye jike ajue kwamba anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, akazaa baada ya siku 63 hadi 65 hivi, na akashika nyingine angali ananyonyesha. Vitoto tunavyoviokota kwenye mitaro ya Ngamiani kila masika vinatoka humo. Ukizuia mimba umepunguza mateso mengi kuliko kulisha mia.

Najua kilichowaudhi nyumbani ni msala. Sisi watu wa pwani tumelelewa tukijua paka mwenyewe si najisi, anatembea nasi ndani, lakini mkojo wake ni jambo jingine na bibi ana haki ya kukasirika. Msala na shuka vifuliwe kwa sabuni na maji mengi, vikaushwe kwenye jua kali. Usitumie jiki juu ya mkojo, vikikutana hutoa hewa inayochoma koo. Halafu mwekee beseni pana lenye mchanga mkavu au maranda, mbali na chakula chake, mahali ambapo watoto hawapiti. Zoa kila siku. Ukiwa na paka wawili, weka mabeseni matatu. Mjamzito asizoe yeye, kwa sababu ya kimelea kiitwacho toksoplasma, ambacho kinyesi kikikaa siku moja hadi tano ndipo kinapokuwa na uwezo wa kuambukiza. Mama wa nyumba akipata mimba hakuna haja ya kumfukuza paka, mtu mwingine azoe tu na anawe mikono.

Chakula: kwa kibofu chake, maji ndiyo muhimu. Mchemshie vibua au kichwa cha changu bila chumvi, toa miiba, mpe na supu yake. Samaki wa chumvi asimwonje. Wabichi kila siku pia hapana, baadhi ya samaki wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto ndio unaokiondoa. Ugali na mchuzi peke yake haumtoshi, paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Vitunguu, iwe maji au saumu, humharibia damu. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wakubwa wengi.

Uliandika pia kwamba ana viroboto na mtu amekupa dawa ya kuogeshea mbwa. Irudishe. Nyingi zina pemethrini au nyinginezo za jamii yake, na paka akipakwa hutetemeka, hutoa mate, hushikwa na degedege. Ulizia ya paka, kwa uzito wake.

Akienda kwa daktari, achanjwe pia dhidi ya kichaa cha mbwa kwa safari hiyohiyo, maana paka naye huugua na huambukiza. Mtoto akikwaruzwa au kung'atwa na paka msiyemjua, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali bila kusubiri dalili. Dalili zikishatokea hakuna tiba.

Kuhusu kiroba, nisemee kwa bibi, na shikamoo yangu mpe. Paka aliyezoea nyumba hafiki Deep Sea akawa mwindaji. Anapigwa na wenyeji wa pale, anakimbilia barabarani, na huyu wako huenda ana kibofu kilichoziba, maana yake mtakuwa mmempeleka akafe kwa maumivu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, lakini nadhani bibi hatahitaji sheria akishajua kwamba anaumwa.

Mtie kwenye kikapu cha ukindu chenye mfuniko au tenga la kuku, tandika kanga iliyovaliwa ili asikie harufu ya nyumbani, ufunike na nyingine juu. Panda bajaji, si bodaboda, kelele za bodaboda zitamtoa roho. Mwambie daktari umemwona mara ya mwisho akikojoa saa ngapi, ulikuwa mwingi au matone, una damu au hauna, na amekula nini tangu jana. Ukiwa na simu mpige picha ya video akichuchumaa, itamsaidia daktari kuliko maelezo yako yote.