Mfupa haujaunga, je hiyo sponji ya kuotesha mfupa ipo kweli?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwaka jana nilipata ajali ya bodaboda, muundi ukavunjika na mfupa ukatokeza nje. Niliwekewa chuma ila eksirei ya juzi inaonyesha bado haujaunga. Kaka angu yuko Marekani, ananambia huko kuna sponji ina dawa, wanaiweka palepale kwenye pengo mfupa unaota. Ni kweli au ananipa moyo tu? Niko tayari kuuza kiwanja. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, na pole sana. Kaka ako hajakudanganya, ila kiwanja usiuze kwanza.

Dawa yenyewe ni protini, inaitwa BMP-2. Habari yake ilianzia Los Angeles mwaka 1965, daktari Marshall Urist alichukua mfupa uliotolewa madini akaupandikiza ndani ya misuli ya wanyama, na mfupa mpya ukaota humohumo kwenye nyama! Mi kila nikiisoma hii nashangaa upya. Mwaka 2002 Marekani wakaruhusu sponji ya kolajeni (protini ya nyuzinyuzi inayoshikilia ngozi na mifupa) iliyoloweshwa BMP-2 kwa ajili ya uti wa mgongo, 2004 wakaongeza muundi uliovunjika na kutokeza nje kama wako, lakini inatakiwa iwekwe ndani ya siku 14 tangu uvunjike, we mwenzetu ushapita huko zamani.

Halafu shida kubwa sio protini, ni sponji. Inaiachia haraka mno, kwa hiyo wanalazimika kuweka dozi kubwa kuliko mwili unavyotumia wenyewe, ikivuja mfupa unaweza kuota pasipotakiwa na nyama zinavimba, mpaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kuitumia shingoni maana watu walivimba koo wakashindwa kupumua vizuri. Ndo maana watafiti sasa wanahangaika na viunzi, yaani vishikizo ambavyo mfupa mpya unaota juu yake, vya kalsiamu fosfeti (madini kama ya kwenye mfupa) au plastiki inayoyeyuka mwilini taratibu, protini itoke kidogokidogo kama umwagiliaji wa matone, vingine vinatoa kwanza protini nyingine iitwayo VEGF ya kuita mishipa ya damu ndo BMP-2 ifuate, kwa sababu mfupa bila damu hauoti. Inatia matumaini kweli ila nyingi bado ziko kwa panya, sungura na kondoo.

Wewe sasa hivi rudi kwa daktari wako wa mifupa umuulize mambo mawili. La kwanza, je kuna maambukizi yamejificha ndani? Mfupa uliotoka nje hubeba uchafu, na penye usaha hata upandikize nini hakishiki. La pili, kuchukua mfupa wako mwenyewe nyongani na kuuweka pale, maana huo unakuja na seli, protini zake na kiunzi chake vyote pamoja, na operesheni hiyo inafanyika hapahapa nchini. Kama unavuta sigara acha leo, inabana mishipa ya damu na mfupa unachelewa kuunga, na kama hujawahi kupima sukari kapime kabla hujapanga operesheni.