Filamu ya mzazi anayelipiza kisasi: anza na The Virgin Spring

Umeuliza kama ipo filamu ya mzazi aliyefiwa analipa kisasi, lakini msiba wenyewe haujasahaulika kwa sababu ya damu. Ipo: The Virgin Spring ya mwongozaji Ingmar Bergman, ya mwaka 1960. Haina rangi, na mwanzo inakwenda polepole. Vumilia.

Töre (anaigizwa na Max von Sydow) ni mkulima wa Sweden ya Enzi za Kati. Binti yake Karin anabakwa na kuuawa msituni akiwa njiani kupeleka mishumaa kanisani. Jioni hiyohiyo wachungaji watatu wa mbuzi waliohusika wanaomba malazi, bila kujua wapo kwa wazazi wake, na mmoja anajaribu kumuuzia mama yake Karin gauni la marehemu. Mama analishika, analitambua, wala hapigi kelele. Anatoka na kuufunga mlango kwa nje. Hapo mwili ulinisisimka kuliko mapigano yoyote niliyowahi kuona.

Halafu baba, akishajua, haendi kuua moja kwa moja. Anapanda kilimani, anausukuma mti mchanga kwa mwili wake mzima mpaka unaanguka, anakata matawi ya kujichapa anapooga. Ndipo anachukua kisu.

Mmoja wa wale watatu ni mtoto mdogo ambaye hakumgusa Karin. Töre hamwachi. Akishamaliza anaitazama mikono yake, na sura ile ya baba bado ninayo. Filamu nyingi za aina hii humwonyesha mtoto atakayeuawa dakika 10 za mwanzo, kisha zinabaki na bunduki tu.