Uga wa Umeme Kwenye Vihami vya Pwani

SWALI: Mhariri, kwetu Likoni chumvi ya bahari huganda kwenye vihami (vizuia-umeme) vya kauri vya nguzo za umeme, na usiku wa manyunyu huonekana cheche za buluu. Mhandisi hukokotoaje uga wa umeme hapo, yaani ukali wa volteji kwa kila sentimita? – Mwanafunzi wa ufundi, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, umbo likiwa sahili, kalamu yatosha. Chukua waya wenye nusukipenyo cha sentimita 1 katikati ya bomba lenye nusukipenyo cha sentimita 2.72, kwa kilovolti 20. Ukigawanya volteji kwa pengo lililopo utapata takriban kilovolti 11.6 kwa sentimita, ilhali kwenye ngozi ya waya uga hufika kilovolti 20 kwa sentimita, na hapo ndipo hewa, ambayo huvumilia takriban kilovolti 30 kwa sentimita, itaanza kushindwa volteji ikipanda.

Kihami chenye mikunjo huhitaji kompyuta. Njia ya vipande huigawa nafasi yote kuwa pembetatu ndogondogo, nayo hufaa vitu vya aina tofauti, kama kauri na hewa, vinapokutana. Kwa hewa wazi, mimi napendelea njia ya chaji za kubuni, waliyoieleza Singer, Steinbigler na Weiss mwaka 1974: chaji za kufikirika hupangwa ndani ya kipitishi (chuma kinachopitisha umeme), ukubwa wake ukatafutwa hadi volteji ya usoni mwa kipitishi ilingane na ile halisi, kisha mhandisi huikagua volteji hiyo kwenye nukta nyingine ambazo hakuzitumia.

Lakini chumvi yenu ikilowa hupitisha mkondo, kwa hiyo hesabu ya chaji tuli pekee itakupotosha; lazima upitishaji wa tabaka hilo uingizwe pia.