Maji ya banda la ng'ombe kwenye mboga
Je, maji ya kuoshea banda la ng'ombe, yenye kinyesi, yakikaa shimoni wiki moja yanafaa kumwagilia mboga? Hapana, wiki moja haitoshi. Bakteria wa kuharisha, E. koli aina ya O157 na salmonela, huishi kwenye maji ya samadi kwa wiki kadhaa, hata miezi, hasa penye baridi kama Limuru au Njombe. Kinachowaua haraka ni joto, jua na ukavu, na shimo lenye utando mzito juu halina hata kimoja. Tena kila asubuhi ukifagilia humo kinyesi kibichi, umeanza kuhesabu upya.

Marekani, kanuni za kilimo hai zinataka zipite siku 120 tangu kuweka samadi mbichi hadi kuvuna zao linalogusa udongo, 90 kwa lisilogusa. Mtambo wa biogesi nao unawapunguza tu bakteria hao, maana mingi ya huku haipati joto la kutosha kuwamaliza.

Maji ya banda langu nayamwagia majani ya tembo ya kulisha ng'ombe. Sukuma wiki angalau inapikwa, moto unawaua. Hofu yangu ni dania na nyanya za kachumbari, zile zinazosuuzwa mara moja tu zikaliwa.