Senene aliowala bibi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mwandishi wa riwaya ya kihistoria inayosimulia raia wakikimbia vita ana ruhusa ya kubadili ukweli kiasi gani? Mkaweka na maoni ya msomaji mmoja anayesema riwaya za namna hiyo humchosha, maana wahusika wanagombania chumvi na masufuria huku adui yuko nyuma yao. Maoni yale nimeyasoma mara tatu. Naomba nianze na hayo masufuria, swali lenu nitalifikia.

Mimi nimezaliwa kaskazini ya mto Kagera, na Oktoba 1978 nilikuwa na miaka 8. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia kwa kishindo mwishoni mwa mwezi ule, mama alikuwa amebandika ndizi na maharage. Hakumwaga. Alikunja ngata, akajitwika sufuria likiwa bado la moto, na kila alipojikwaa mchuzi ulimchirizika shingoni. Baba alibeba baiskeli begani kwa sababu gurudumu la nyuma lilikuwa limepasuka, na njia nzima walibishana juu ya hiyo baiskeli: itupwe, isitupwe. Sikumsikia hata mmoja wao akimtaja Amin. Msomaji mwenzangu anayeyaona hayo kuwa mambo madogo ajue kwamba usiku ule sufuria lile lililisha watu 11, na watano kati yao hatukuwafahamu.

Tulivuka mto kwenye daraja la Kyaka, katika msongamano wa watu, mbuzi na magodoro. Tarehe 3 Novemba daraja lile likalipuliwa na askari wa Amin. Waliochelewa walibaki kujificha porini. Raia waliouawa katika uvamizi ule wanakadiriwa kufika 1,500.

Halafu kuna bibi, mama yake baba. Usiku tulilala kwenye rweya, katika nyasi tupu, na mnajua Novemba kwetu ni mwezi gani. Alfajiri nilipofumbua macho nyasi zilikuwa zimejaa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, kijani kwa kahawia, wamelowa umande hawawezi kuruka. Bibi alishaamka zamani. Alikuwa ameinama na kitenge chake amekifunga kiunoni kama mfuko, anaokota kwa mikono miwili, upesi upesi, kana kwamba yuko nyuma ya nyumba yake na hakuna jambo lolote lililotokea.

Asiyetoka Buhaya, kwetu Wahaya, nimweleze. Kwa mila ya wazee wetu, mwanamke huwakusanya senene, huwachambua mabawa na miguu, huwakaanga, kisha huwaandalia wanaume. Yeye hali. Bibi alikuwa ameishi hivyo maisha yake yote, na senene wake walisifiwa.

Asubuhi ile baba alikuwa amerudi nyuma kumtafuta ndugu yake. Tulikuwa wanawake na watoto tu. Bibi aliwakaanga wale senene kwenye mfuniko wa sufuria, bila chumvi, akatugawia sisi watoto tukala mpaka wakabaki kama konzi moja. Akaushika mfuniko mapajani. Mama aliangalia pembeni. Sisi tulidhani anamwekea baba. Lakini bibi aligeuka, akatupa mgongo, akavuta kitenge mpaka juu ya kichwa, na mimi niliyekuwa ubavuni nikaona kitambaa kikicheza usawa wa taya. Alitafuna polepole sana. Alipomaliza alifuta vidole kwenye nyasi, kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko alivyokula.

Tukafika kwa watu wa upande wa Bukoba, wakatupokea. Kwenye redio yao ndiko tulikomsikia Mwalimu Nyerere akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Baba alisimama wima. Bibi aliuliza kama wenyeji wana chumvi.

Sasa swali lenu. Nilipoanza kuandika barua hii jibu langu lilikuwa: asibadili hata nukta. Nimechoka na vita vya Kagera vinavyoanzia kwenye hotuba ile ya 2 Novemba na kwisha Kampala 11 Aprili 1979, kana kwamba kabla ya hotuba hakukuwa na mtu njiani. Nilitaka kusema kwamba kila anayebadili anatunyang'anya mara ya pili.

Lakini nimekumbuka jambo. Miaka mingi baadaye, kwenye harusi ya binamu yangu, niliwasimulia vijana habari za kuvuka mto. Bibi alinisikia. Usiku aliniita chumbani kwake, akaniambia kwa Kihaya, "Mjukuu wangu, vita visimulie vyote. Senene niachie mimi." Sikuwahi kuwataja tena mpaka alipofariki.

Kwa hiyo leo mwandishi akija kwangu na daftari lake, nitamwomba abadili. Amchukue bibi mwingine wa kijiji kingine, ampe mwendo mwingine na sauti nyingine, ili wangu abaki na heshima yake. Asiguse tarehe ya daraja. Asiguse nani alimpiga nani risasi. Na asiwape wakimbizi maneno makubwa ya taifa ambayo hatukuyasema. Wala senene asiwageuze kuwa maharage, maana hapo yule bibi kugeuka na kujifunika hakutakuwa na sababu tena. Au awageuze? Kila nikifikiri naona hata senene peke yao wanatosha watu wa kwetu kumtambua. Hapo sijapata uamuzi, na sitadanganya kwamba ninao.

Nimeyaandika haya yeye akiwa kaburini, na sijui kama kifo kinaifuta ahadi. Jina lake sijalitaja, wala kijiji. Mkichapisha, naomba na jina langu mliondoe.